Kikosi Kisicho na Nchi: Asili na Safari ya Blackhawk

Huenda msomaji aliyezoea kukutana na beti na uhakiki wa beti katika kurasa hizi akastaajabu kuona makala juu ya katuni za Kimarekani. Kustaajabu huko kuna haki yake. Vitabu vile vya karatasi duni, vilivyouzwa kwa senti 10 na kusomwa na watoto majumbani na askari kambini, havikuwahi kudai nafasi katika rafu moja na fasihi iliyotukuka. Lakini mwenye kupenda tenzi ajua kuwa masimulizi ya mashujaa, popote yaendapo, yana mambo yake ya lazima: hesabu ya wapiganaji mmoja mmoja kwa majina yao, sifa za silaha na vipando, adui mwenye jina, na kisasi kinachoanzia mazikoni. Hayo yote yamo katika kisa cha Blackhawk, yaani Mwewe Mweusi, kikosi cha marubani wenye sare kilichobuniwa Marekani mwaka 1941. Na ndani yake mna jambo jingine, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: jeshi lile halikuwa na serikali. Halikuapa kwa mfalme wala kwa rais. Watu wake walitoka nchi mbalimbali, na nyingi katika nchi hizo wakati huo zilikuwa chini ya buti la Mjerumani.

Kisa kilitokea mara ya kwanza katika toleo la kwanza la Military Comics, lenye tarehe ya Agosti 1941, lililotolewa na kampuni ya Quality Comics ya Everett Arnold. Kazi ya kubuni na kuchora ilifanyika katika karakana ya Will Eisner, kijana ambaye hata miaka 25 alikuwa hajaitimiza, na mchoraji wa kurasa zile za mwanzo alikuwa Chuck Cuidera, akishirikiana na Bob Powell. Iangaliwe vyema tarehe hiyo. Marekani haikuwa vitani bado; Bandari ya Pearl haikushambuliwa hadi Desemba 7, 1941. Wengi katika Wamarekani walikuwa wakisema kuwa vita vya Ulaya ni vya Ulaya. Kutoa jarida zima la kijeshi katika miezi ile kulikuwa ni kuchagua upande kabla serikali haijachagua, na waliochagua walikuwa aghalabu vijana wa miji mikubwa, wengi wao watoto wa wahamiaji. Eisner mwenyewe alizaliwa New York katika nyumba ya Mayahudi waliotoka Ulaya. Habari za Poland hazikuwa kwake habari za mbali.

Poland ndiko kisa kinakoanzia. Ni mwaka 1939. Majeshi ya Hitler yamevuka mpaka. Rubani mmoja wa Kipolandi anapigana angani hadi anabaki peke yake, ndege yake inaanguka, na adui aliyemwangusha, nahodha aitwaye von Tepp, anailipua nyumba ya shamba iliyo karibu. Ndugu wa yule rubani wamo ndani. Huwazika, hutoweka, na mwandishi hamwelezi tena kwa muda. Kisha anarejea akiwa na nguo nyeusi, jina jipya, na watu nyuma yake. Von Tepp hatimaye anapata malipo yake. Ni kisa chepesi, kilichopangwa kwa kurasa chache, lakini nguvu yake i wazi: mtu huyu hapewi uwezo wa kuruka kwa mabawa yake mwenyewe, wala hachomi chuma kwa macho. Alichonacho ni msiba na ndege.

Tukitaka kujua kisa hiki kilichimbuliwa wapi, hatuna haja ya kwenda mbali. Poland ilivamiwa na Ujerumani Septemba 1, 1939, na majeshi ya Urusi yakaingia kutoka mashariki Septemba 17. Nchi ilipokwisha, marubani wake hawakwisha. Walipenya kwa maelfu kupitia Rumania na Hungaria, wakafika Ufaransa, na Ufaransa nayo ilipoanguka Juni 1940 wakavuka kwenda Uingereza. Humo kiliundwa Kikosi cha 303, kilichokuwa na makao yake Northolt, pembezoni mwa London. Kiliingia mapiganoni siku ya mwisho ya Agosti 1940, na kwa muda wa wiki chache kilihesabiwa ndege za adui 126, hesabu iliyovipita vikosi vyote vilivyorusha ndege za Hurricane katika mapigano yale, ijapokuwa wanahistoria wa baadaye wameipunguza kama walivyopunguza hesabu za kila kikosi. Jambo la kuvutia zaidi ni kwamba rubani aliyeongoza kwa mauaji katika kikosi hicho cha Wapolandi hakuwa Mpolandi. Alikuwa Mcheki, Josef František, aliyekimbia nchi yake ilipomezwa, akapigania Poland nayo ikamezwa, akaenda Ufaransa, kisha Uingereza, na akafa Oktoba 1940 ndege yake ilipoanguka. Mtunzi wa katuni angeandika hivyo, mhariri angemwambia kuwa amezidisha chumvi.

Mnamo Septemba 1940 Waingereza waliunda pia kikosi cha kwanza cha marubani wa Kimarekani waliojitolea, Kikosi cha 71, waliovunja desturi ya nchi yao ya kutojiingiza. Magazeti ya Marekani yaliwashangilia. Na katika sinema, mwaka 1939 ulikuwa umeleta upya hadithi ya Beau Geste, yenye Jeshi la Kigeni la Wafaransa, ambamo mtu huingia akiacha jina na taifa lake mlangoni. Vitu vitatu hivi, wakimbizi wa Kipolandi, Wamarekani wa kujitolea na ndoto ya jeshi la wasio na majina, ukivichanganya utapata Blackhawk bila taabu kubwa.

Kikosi kilikuwa na kisiwa chake. Watunzi hawakuwa na uhakika kisiwa hicho kiko wapi. Mara kilikuwa Atlantiki, mara Pasifiki, na sisi tuliozaliwa visiwani twaweza kutabasamu kwa wepesi wa watu wa bara kuhamisha kisiwa kama mtu ahamishaye kiti. Lakini kisiwa kilikuwa na maana. Jeshi lisilo na nchi lahitaji ardhi isiyo ya mtu. Kama wangekaa Uingereza wangekuwa chini ya Uingereza, na kama wangekaa Marekani wangekuwa na mkubwa wa kuwapigia saluti. Kisiwani walikuwa huru kuamua ni nani wa kumsaidia na lini wa kuondoka.

Na walikuwa na ndege. Hapa napenda nikae kidogo, kwa maana ni nadra katuni kumfundisha mtu historia ya viwanda. Ndege waliyopewa Blackhawk iliigwa kutoka ndege ya kweli, Grumman XF5F, iliyoitwa Skyrocket. Ilikuwa na injini mbili, na umbo lake lilikuwa la kigeni kabisa: pua ya ndege haikufika mbele ya ukingo wa mabawa, hata ikaonekana kana kwamba mtu ameikata kichwa. Iliruka mara ya kwanza Aprili 1, 1940. Jeshi la wanamaji la Marekani liliifanyia majaribio, likaona matatizo yake, na halikuinunua. Iliundwa moja tu. Kwa hiyo ndege ambayo duniani ilikuwa pekee, isiyowahi kwenda vitani, katika kurasa za katuni ilipaa kundi zima, ikipangwa bawa kwa bawa, na marubani ndani wakiimba. Naam, waliimba, katika visa vya mwanzo kikosi kilikuwa na wimbo wake wa kwenda vitani, kama walivyo nao wapiganaji wa kila taifa, na adui aliusikia wimbo kabla hajaziona ndege.

Sare yao nayo yataka maneno mawili. Ilikuwa ya buluu nzito iliyokaribia weusi, kofia yenye ukingo, mkanda, viatu virefu hadi magotini, na alama ya mwewe kifuani. Mwenye jicho hakosi kuona kuwa sare hiyo yafanana na ya adui kuliko ya rafiki. Vikosi vya Hitler vilivyovaa nyeusi vilikuwa vimekwisha kuigeuza rangi ile kuwa alama ya hofu, na wachoraji wa New York waliichukua hofu hiyo wakawavisha watu wao. Cuidera alijiunga na jeshi mwaka 1942, akautoka mfululizo aliouanzisha, na nafasi yake ikachukuliwa na Reed Crandall. Huyu alikuwa fundi wa kweli: mikunjo ya nguo, uzito wa mwili, mwanga juu ya ngozi ya viatu, vyote alivichora kwa subira ambayo bei ya senti 10 haikuidai. Wengi husema Blackhawk wa Crandall ndio Blackhawk, nami sina ubishi nao.

Majina yalibadilikabadilika mwanzoni, kisha yakatulia. Blackhawk mwenyewe ndiye kiongozi. Andre ni Mfaransa, Stanislaus Mpolandi, Hendrickson mzee Mholanzi, Olaf jitu la Skandinavia, Chuck Mmarekani. Kila mmoja alipewa lafudhi yake na kiapo chake cha kushangaa, hata msomaji aliyefumba macho angeweza kumjua nani asemaye. Wa saba ni Mchina, na jina alilopewa ni Chop-Chop.

Hapa ndipo sifa inapogoma. Wale sita walichorwa kama binadamu. Huyu wa saba alichorwa kama kinyago: mfupi, mnene, meno mbele, nywele zimefungwa utepe, ngozi imepakwa rangi ya limau. Hakuvaa sare. Silaha yake ilikuwa kisu kikubwa cha kukatia nyama, kwa kuwa kazi yake ilikuwa upishi. Hakuwa na ndege yake, alipanda nyuma ya kiongozi. Crandall aliyeweza kuchora kila mshipa wa mkono wa Olaf, akifika kwa huyu kalamu yake iligeuka ya mtu mwingine, na katika picha moja waonekana watu wa aina mbili za uchoraji wamesimama pamoja. Wapo wasemao kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Ni kweli ilikuwa desturi, na desturi hiyo ilikuwa na sheria nyuma yake: tangu mwaka 1882 Marekani iliwazuia Wachina kuhamia nchini humo, na sheria hiyo haikufutwa hadi Desemba 1943, pale ilipokuwa aibu kuwafungia mlango watu ambao ndio washirika wako vitani. Uchina ilikuwa ikipigana na Japani tangu 1937, miaka miwili kabla ya Poland. Katika ule udugu wa walionyang'anywa nchi, mwenye msiba mkongwe kuliko wote ndiye aliyewekwa jikoni.

Nalitaja hili bila kutaka kuwahukumu wafu kwa kanuni za walio hai. Nalitaja kwa sababu ni swali la masimulizi yote ya vita vya wengi: ni nani anayehesabiwa? Shaaban Robert alivitungia vita hivyo hivyo utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, na sisi wa pwani twajua kuwa mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, ikiteremka bonde la Kabaw katika mvua na matope. Katika kisiwa cha Blackhawk hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wala Mmarekani mweusi hakuwamo. Jeshi la Marekani lenyewe liliwatenga askari wake weusi katika vikosi vyao hadi amri ya Rais Truman ya Julai 26, 1948. Ilipofika 1963, Stan Lee na Jack Kirby walipoanzisha katuni ya Sgt. Fury na makomando wake, walimtia askari mweusi, Gabe Jones, pamoja na Izzy Cohen ambaye ni Myahudi, katika kikosi kimoja cha vita vile vile. Kihistoria kikosi kama hicho hakingekuwapo. Na Lee alisimulia kuwa waliotayarisha rangi za toleo la kwanza walidhani pamekosewa, wakampaka Gabe Jones rangi ya Mzungu.

Vita vilipokwisha, Military Comics ilibadili jina ikawa Modern Comics, na Blackhawk walikuwa na kitabu chao wenyewe tangu 1944. Lakini jeshi la wakimbizi hufanya nini nchi zinapokombolewa? Wakimbizi wa kweli wa Kipolandi walijiuliza swali hilo kwa uchungu, maana Poland iliyokombolewa haikuwa ile waliyoipigania, na wengi hawakurudi. Katuni haikuthubutu kuwafuata huko. Ilitafuta maadui wapya: madikteta wa nchi za kubuni, kisha wakomunisti, kisha mashine kubwa za kivita zenye umbo la wanyama. Kiongozi alisahauliwa Upolandi wake akawa Mmarekani aliyejitolea. Redio iliwachukua mwaka 1950, sinema ya mfululizo mwaka 1952, na hayo hayana mengi ya kuelezwa.

Mwishoni mwa 1956 Quality ilifunga milango. Toleo la 107 lilikuwa lake la mwisho. La 108, la Januari 1957, lilitoka chini ya kampuni ya DC, nyumba ya Superman, bila hata mwezi mmoja kukatika. Dick Dillin aliendelea kuchora kwa penseli, na aliyepitisha wino juu ya penseli yake alikuwa Chuck Cuidera, yule yule wa toleo la kwanza, akiitumikia kwa ujira wa ukurasa kazi aliyoizaa. Mwaka 1959 aliletwa mwanamke, Zinda Blake, aliyejifunza urubani ili ajiunge nao, akakuta kanuni inayokataza wanawake. Mwaka 1964 sare zilibadilishwa, na Chop-Chop naye hatimaye akavalishwa kama wenzake. Hilo lilichukua miaka 23.

Kilichofuata ndicho kioja cha safari nzima. Januari 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonesha Batman, na nchi nzima ikawa na wazimu wa mashujaa wa barakoa. Blackhawk hawakuwa na barakoa. Basi katika toleo la 228, la Januari 1967, watunzi waliwaleta mashujaa wenye nguvu za ajabu, Batman na Superman miongoni mwao, kuja kutoa hukumu kuwa kikosi hiki ni takataka, kimepitwa na wakati. Marubani wakakubali hukumu. Matoleo mawili baadaye walirudi wakiwa mashujaa wa ajabu wenyewe: Chuck alivaa nguo iliyochorwa masikio mwili mzima, akaitwa Msikilizaji, Stanislaus alipakwa dhahabu, Andre akawa bwana wa mashine, Olaf akawa mrukaji, Hendrickson akawa bingwa wa silaha, na Chop-Chop akawa daktari wa mikono ya chuma. Nimezitazama picha hizo zaidi ya mara moja, na kila mara huona haya kwa niaba yao. Si kwamba vazi la ajabu lina ubaya. Superman alivaa lake bila kosa. Ubaya ni kuwa watu hawa walikuwa na maana kwa sababu hawakuwa na nguvu yoyote ila mafunzo, umoja na kinyongo halali. Ukimpa nguvu za ajabu mtu aliyefiwa na nchi yake, umemnyang'anya msiba wake. Wasomaji hawakushawishika. Mwaka 1968 sare za zamani zilirudishwa katika toleo la 242, na la 243 likawa mwisho.

Walifufuliwa kwa muda mfupi mwaka 1976, kisha kwa heshima zaidi mwaka 1982, Mark Evanier akiandika na Dan Spiegle akichora. Hawa wawili walikirudisha kisa kwenye vita vyake, mahali pasipo na masikio ya kuchora wala dhahabu ya kujipaka, na wakamkabili yule Mchina ana kwa ana: walimwondolea kinyago, wakampa sare, na jina la mtu, Wu Cheng. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 Howard Chaykin alikiandika kisa upya kwa watu wazima. Kwake kiongozi ni Mpolandi tena, Janos Prohaska, mwenye tamaa na kasoro za kibinadamu, anayeandamwa na wanasiasa wa Marekani kwa ajili ya siasa zake za mrengo wa kushoto. Na Mchina ni Weng Chan, rubani kama marubani. Wapo wapenzi wa zamani waliomchukia Prohaska huyu. Mimi naona yu karibu zaidi na wale wa Northolt kuliko yule mpole wa miaka ya 1950.

Imebaki habari ya nani aliyebuni. Kwa miaka mingi jina la Eisner ndilo lililotajwa, kwani karakana ilikuwa yake na umaarufu ulikuwa wake, na Cuidera alishikilia kuwa wazo lilikuwa la mkono wake. Mwaka 1999, katika kongamano la katuni la San Diego, wazee hao wawili walikaa jukwaa moja mbele ya watu, na Eisner akasema kuwa haina haja kubainisha nani aliwaza kwanza. Cuidera ndiye aliyeifanya Blackhawk ikawa vile ilivyokuwa, na sifa astahili apewe yeye. Cuidera alikuwa amefika miaka 80 na zaidi. Alifariki mwaka 2001, na Eisner alimfuata Januari 2005.